Somo: Kumiliki gari la umeme la bei nafuu mahali penye baridi kali

Gari la umeme la bei nafuu linafaa kwa maisha ya baridi kali, mradi mnunuzi apige hesabu yake kwa asubuhi yenye baridi kupita zote za mwaka, na mradi gari lilale mahali penye umeme. Masharti haya mawili ndiyo yanayotenganisha wanaoridhika na wanaojuta. Norwei, nchi isiyo ngeni kwa theluji, mwaka 2024 karibu magari 9 kati ya kila 10 mapya yaliyouzwa yalikuwa ya umeme. Hata hivyo, mnunuzi wa gari jipya lenye betri kubwa ana nafasi ya kukosea hesabu bila kuumia. Somo hili ni la yule ambaye fedha yake inatosha gari dogo, au lililokwisha kutumika, ambalo betri yake haina ziada ya kufidia makosa.

Hatua ya kwanza: piga hesabu ya asubuhi mbaya

Chukua umbali uliopimwa rasmi kwa chaji moja, kisha uupunguze mara tatu. Punguzo la kwanza ni la uzee wa betri. La pili ni la baridi. La tatu ni akiba ambayo hutaigusa, kwa sababu siku ya dhoruba njia hufungwa na unalazimika kuzunguka.

Kwa punguzo la baridi, kipimo ninachokitegemea ni cha AAA, chama cha wenye magari cha Marekani, ambacho mwaka 2019 kilijaribu magari matano ya umeme katika baridi ya nyuzi 7 hivi chini ya sifuri. Hita ikiwa imezimwa, umbali ulipungua kwa wastani wa asilimia 12 tu. Ilipowashwa, ulipungua kwa asilimia 41. Namba hizi mbili zinastahili kusomwa pamoja, maana zinaonyesha kwamba sehemu kubwa ya umeme unaopotea haipotei kwa sababu betri imeganda, bali kwa sababu abiria wanapashwa joto. Injini ya petroli hutoa joto jingi lisilo na kazi, na hita yake huliokota bure. Mota ya umeme haina joto la kutupa, hivyo kila kilowati ya hita inatoka kwenye betri ileile inayoendesha magurudumu.

Tuchukue Nissan Leaf, gari dogo la umeme, ya mwaka 2018 yenye betri ya kilowati-saa 40 (kilowati-saa ni kipimo cha umeme ambao betri inabeba), iliyopimwa Marekani kuwa inakwenda kilomita 243. Ikiwa betri imebaki na asilimia 90 ya uwezo wake, zinabaki kilomita 219. Toa asilimia 40 ya baridi, unapata 131. Weka kando humusi moja kama akiba, na umbali wako wa kweli ni kilomita 105 hivi. Sasa chukua Leaf ya kwanza kabisa, yenye kilowati-saa 24, iliyopimwa kilomita 117, na ambayo betri yake imebaki na asilimia 75: hesabu hiyohiyo inakuacha na kilomita 42. Gari la kilomita 42 linamfaa sana mtu anayekwenda kazini kilomita 15 na kurudi, na bei yake ni ndogo, lakini mwenye safari ya kilomita 30 kwenda tu asilinunue hata akibembelezwa. Mahali ambapo baridi hushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri na zaidi, mimi hutoa nusu badala ya asilimia 40.

Angalizo moja kuhusu safari fupifupi. Safari tatu za kilomita 5, zenye saa nyingi za kusimama kati yake, hula umeme mwingi kuliko safari moja ya kilomita 15, kwa kuwa kila mara hita huanza upya kupasha chumba cha abiria kilichopoa.

Hatua ya pili: amua gari litalala wapi

Hili nalipa uzito kuliko ukubwa wa betri. Gari dogo linalolala kwenye soketi huanza kila siku likiwa limejaa. Gari lenye betri kubwa lisilo na soketi humlazimisha mwenyewe kwenda kituoni, tena likiwa baridi, wakati ambapo huchaji polepole kuliko wakati mwingine wowote.

Soketi ya kawaida ya volti 230 ikitoa ampea 10 inatoa kilowati 2.3. Kwa saa kumi za usiku hizo ni kilowati-saa 23, ingawa baridini sehemu yake hutumika kupasha betri kabla ya kuingia chaji. Gari dogo linalokula kilowati-saa 25 kwa kila kilomita 100 wakati wa theluji litakuwa limerudishiwa umeme wa safari ya kilomita 70 hivi, na hizo zinawatosha wengi. Katika nchi zinazotumia volti 120, soketi ya kawaida hutoa kilowati 1.4 hivi, na usiku wa baridi kali sehemu kubwa yake inaweza kuishia kwenye kupasha betri tu. Hapo laini ya volti 240 ni ya lazima. Kwa vyovyote, mwite fundi umeme akague nyaya na ethi (waya wa usalama unaoingia ardhini) kabla ya kuanza, na usichajie kwa waya wa ekstensheni ambao haukutengenezwa kubeba mzigo mzito kwa saa nyingi.

Hatua ya tatu: likague gari likiwa baridi

Omba kuliona asubuhi, kabla halijawashwa. Muuzaji akikuletea gari lililokwisha kupata joto, hujaona chochote kuhusu maisha yake ya wakati wa baridi.

Anza na afya ya betri. Kwenye Leaf, uwezo wa betri huonyeshwa kwa vijistari 12 vidogo pembeni mwa dashibodi. Cha kwanza hupotea uwezo ukishapungua kwa asilimia 15 hivi, na kila kinachofuata ni asilimia 6 hivi. Kwa magari mengine, tumia kifaa kidogo cha kusomea kompyuta ya gari, ambacho huchomekwa chini ya usukani. Usitegemee makisio ya kilomita yanayoonyeshwa mbele ya dereva, kwa sababu hukokotolewa kutokana na uendeshaji wa siku zilizopita, na huenda siku hizo zilikuwa za jua.

Kisha uliza kuhusu hita. Hita ya koili hubadilisha kilowati moja ya umeme kuwa kilowati moja ya joto, basi. Pampu ya joto huvuta joto kutoka hewa ya nje na kuliingiza ndani, na katika baridi ya wastani hutoa joto mara mbili au tatu ya umeme inaoutumia, ingawa faida hiyo hupungua kadiri baridi inavyozidi. Gari la aina moja na la mwaka mmoja linaweza kuwa na pampu ya joto katika toleo moja na kukosa katika jingine, kwa hiyo usikubali jibu la "magari haya yote yanayo". Hakikisha pia viti na usukani vina hita zake. Hita ya kiti hutumia wati 100 au pungufu, ilhali hita ya chumba hutumia kilowati kadhaa inapoanza, na mwili ukiguswa na joto moja kwa moja unavumilia chumba chenye ubaridi kidogo.

Angalia na aina ya plagi ya kuchajia haraka. Leaf nyingi za bei nafuu zinatumia CHAdeMO, mfumo ambao katika Ulaya na Marekani unazidi kuachwa. Kwa anayechaji nyumbani peke yake hili si tatizo kubwa; kwa msafiri wa mbali ni kikwazo.

Hatua ya nne: mazoea ya kila siku

Lipashe gari joto likiwa bado kwenye plagi, dakika 20 au 30 kabla ya kuondoka, ili joto la mwanzo, ambalo ndilo ghali, litoke kwenye umeme wa nyumba. Ukiweza kupanga saa ya kuchaji, panga chaji imalizike karibu na saa ya kuondoka, kwa maana kuchaji kwenyewe huipa betri joto.

Pima upepo wa tairi mara kwa mara, kwani shinikizo hushuka kwa PSI 1 (kipimo cha upepo wa tairi) hivi kwa kila nyuzi 5 au 6 joto linapopungua. Punguza mwendo katika barabara kuu: ukishuka kutoka kilomita 110 kwa saa hadi 90, ukinzani wa hewa hupungua kwa theluthi moja, na hewa ya baridi, ambayo ni nzito kuliko ya joto, huufanya ukinzani huo uonekane zaidi.

Usishtuke ukiona gari halipunguzi mwendo lenyewe kama kawaida unapoinua mguu kwenye pedeli ya mwendo; kwa kawaida mota ndiyo hulipunguza, huku ikirudisha umeme kwenye betri. Betri baridi haiwezi kupokea umeme kwa kasi, hivyo kompyuta huzuia mota kurudisha umeme, na kazi ya kusimamisha gari inabaki kwa breki za kawaida. Kwenye barafu, chagua mwenyewe kiwango kidogo cha mota kupunguza mwendo, ili magurudumu yanayovutwa na mota yasiteleze.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, shukrani kwa somo. Hofu yangu ni kunaswa barabarani usiku wa dhoruba. Betri ikiisha si nitaganda?

Jibu: Hofu yako ni ya haki, ndugu, na hesabu yake inafanyika. Gari likiwa limesimama, mota haili kitu cha maana. Hita inayotunza joto lililokwisha kupatikana hutumia kilowati 1 hadi 2, zaidi kidogo baridi ikiwa kali mno. Betri ya kilowati-saa 40 iliyo nusu ina 20 ndani yake, yaani saa kumi au zaidi. Ukizima hita ya chumba mara kwa mara na kubaki na ya kiti, unaongeza saa. Weka blanketi garini, na siku ya tahadhari ya hali ya hewa usiondoke na betri iliyo chini ya nusu. Pia huna moshi wa kuogopa, ilhali mwenye petroli aliyefukiwa na theluji lazima ahakikishe ekzosi haijazibwa.

Swali: Shikamoo mwalimu. Naishi ghorofani na gari hulala barabarani. Kuna kituo cha haraka umbali wa kilomita 3. Ninunue?

Jibu: Marahaba. Kwa hali hiyo nakushauri usinunue sasa, isipokuwa kama kazini kwako kuna soketi unayoruhusiwa kuitumia kutwa. Magari mengi ya bei nafuu hayapashi betri kabla ya kufika kituoni, na kilomita 3 hazitoshi kuipa joto. Utakaa kituoni muda mrefu kuliko ulioahidiwa, na utafanya hivyo msimu mzima.

Swali: Je, baridi haiui betri kabisa? Nimeambiwa uwezo ukishuka haurudi.

Jibu: Uwezo unaoshuka kwa baridi hurudi joto likirudi, kwa maana ndani ya betri ioni za lithiamu, yaani chembe zinazobeba umeme, huwa zinasafiri polepole tu. Kinachozeesha betri hasa ni joto. Leaf za mwanzo katika jimbo la Arizona, lenye jua kali, zilipoteza uwezo haraka kuliko zile za sehemu za baridi. Hatari ya kweli ya baridi ni kuingiza chaji kwa nguvu betri ikiwa chini ya nyuzi sifuri, maana lithiamu inaweza kujipaka juu ya grafiti, kaboni inayoipokea ndani ya betri, badala ya kuingia ndani yake, na hilo hudhuru. Kompyuta ya gari hulizuia kwa kupunguza kasi ya chaji, kwa hiyo ukiona chaji inakwenda polepole, iache ifanye kazi yake.

Swali: Kaka, kati ya aina mbili za betri za lithiamu, ya fosfeti ya chuma na ile ya nikeli, ipi inafaa baridini?

Jibu: Ya nikeli huvumilia baridi vizuri zaidi. Ya fosfeti ya chuma ni nafuu na hudumu, lakini hulegea mapema baridini, na kipimo chake cha asilimia hukosea kwa urahisi usipoijaza kabisa mara kwa mara. Kama gari lina mfumo wa kupasha betri na linalala kwenye soketi, dada, chukua ya fosfeti bila wasiwasi.

Swali: Nasafiri wiki tatu na gari litabaki nje. Niliacheje?

Jibu: Likiweza kubaki kwenye plagi, liache humo na uweke kikomo cha chaji kati ya asilimia 50 na 80. Pasipo plagi, liache na asilimia 60 au 70, uzime programu za simu zinazoliamsha gari kila saa, na uikague kwanza ile betri ndogo ya volti 12. Hiyo ndiyo huzimika mapema, na ikizimika gari haliwaki hata kama betri kubwa imejaa. Ukirudi, toa theluji kwenye kifuniko cha tundu la kuchajia kwa mkono au brashi, usimwagie maji ya moto, kisha uchomeke plagi na uliache saa kadhaa kabla ya kuliendesha.