Kukaanga steki nyumbani, na namna ya kuyasoma maelekezo yake

Kazi yangu ni kupika katika mgahawa mdogo hapa Dodoma, lakini steki ya kwanza niliyoikaanga nyumbani, nikifuata maelekezo ya Kiingereza neno kwa neno, ilikuwa ngumu kiasi kwamba wanangu waliifyonza chumvi wakairudisha sahanini. Maelekezo yenyewe hayakuwa na kosa. Yaliandikwa kwa ajili ya nyama nyingine, chumvi nyingine na mafuta mengine, na hakuna mahali yaliposema hivyo.

Hatua ya kwanza ni buchani, na hapo neno lenyewe ndilo linaloanza kupotosha. Ukiomba "steki" kwenye bucha zetu, muuzaji anaelewa nyama yoyote isiyo na mfupa, iwe ya paja au ya bega, tofauti na mchanganyiko. Ilhali katika maelekezo steki ni kipande kinene, mara nyingi cha sehemu laini ya mgongo. Kwa hiyo omba fileti au sarara, ikatwe kwa kukingama nyuzi za nyama, unene wa sentimita 3. Muuzaji wangu huniuliza kila mara, "Dada, ya kukaanga au ya mchuzi?" Nikimjibu ya kukaanga, mkono wake bado huanza kukatakata vya mchuzi, hivyo mimi husimama karibu na gogo mpaka amalize.

Hatua ya pili ni kungoja, na hii ndiyo ambayo maelekezo huiruka kabisa. Mwandishi wake hununua nyama iliyokwisha kukaa kwenye baridi kwa wiki 2 au zaidi, ambamo vimeng'enya vya nyama yenyewe vimeshalegeza nyuzi zake. Kwetu ng'ombe huchinjwa alfajiri na kabla ya saa nne asubuhi nyama imo kikapuni ikiwa na uvuguvugu. Baada ya hapo hukakamaa, na ukiikaanga siku hiyo utatafuna hadi taya ziume. Isitoshe, ng'ombe wetu wengi ni zebu, wale wenye nundu, waliotembea mbali kutafuta malisho, wenye mafuta machache ndani ya nyama. Ifunge vizuri, uiweke sehemu yenye baridi zaidi ya friji, isizidi nyuzijoto 4, kwa siku 3 au 4. Ukisikia umeme utakatika kwa muda mrefu, achana na steki, upike mchuzi.

Hatua ya tatu: kausha nyama kwa kitambaa safi, kisha utie chumvi ama dakika 40 kabla ya kukaanga, ama pale pale unapoipeleka motoni, kwa sababu katikati ya muda huo chumvi huwa imevuta maji juu ya nyama na bado hayajarudi ndani. Angalia pia chumvi inayotajwa. Maelekezo ya Marekani mara nyingi yana maana ya chumvi ya chembe nene, ambayo kijiko kimoja cha chai huweza kuwa na gramu 3 tu. Kijiko hicho hicho cha chumvi yetu laini kina gramu 6 hivi. Na ukiambiwa uache nyama "ifikie joto la chumba", kumbuka kwamba chumba cha mwandishi kina nyuzijoto 20, ilhali jikoni kwangu mchana wa Novemba hupita 30. Dakika 20 nje ya friji zinatosha.

Hatua ya nne ni moto. Maelekezo husema utie nyama pale mafuta yanapoanza kutoa moshi, na hapa mafuta yetu ya alizeti ya kukamuliwa, mazuri kwa mboga, hukudanganya: yasiposafishwa hutoa moshi kwenye nyuzijoto 107 hivi, wakati nyama haigeuki kahawia vizuri mpaka uso wake upite 140. Tumia yaliyosafishwa, na upime kikaango kikiwa kikavu: tone la maji likikimbiakimbia kama shanga badala ya kuchemka lilipoangukia, tia mafuta kidogo, kisha nyama.

"Dakika 3 kila upande" haina maana bila kujua unene wa kipande. Geuza kila baada ya dakika 1, na uchome kipimajoto katikati kupitia ubavuni. Midiamu ya mahotelini, yaani nyama iliyoiva kiasi, ni nyuzijoto 60 hivi, lakini mimi husubiri 63, kiwango ambacho Wizara ya Kilimo ya Marekani inakipendekeza kwa kipande kizima, pamoja na kuipumzisha nyama dakika 3; tegu hawezi kustahimili hapo.

Ipumzishe dakika 5 juu ya ubao bila kuifunika gubigubi, la sivyo ukoko utalowa. Kisha ikate. Programu ya kutafsiri iliwahi kuniandikia "kata dhidi ya nafaka", nami nikakaa nikiutazama ugali pembeni nikishangaa unahusikaje. Kumbe kwa Kiingereza neno la nafaka ndilo hilo hilo la mpangilio wa nyuzi za nyama. Tazama nyuzi zinakoelekea, ukingamishe kisu, ukate vipande vya nusu sentimita, na majimaji yaliyobaki ubaoni uyamwagie juu yake kabla hayajapoa.