Kumleta mama Minneapolis: usihesabu saa za angani peke yake

Kutoka Nairobi hadi New York ni takriban kilomita 11,800, na tangu safari ya moja kwa moja ilipoanzishwa Oktoba 2018, ndege huzimaliza kwa saa 15 hivi. Kurudi ni kama saa 14, kwa sababu pepo za juu huvuma kutoka magharibi. Kutoka New York hadi Minneapolis, wanakoishi jamaa zetu wengi, ni kilomita 1,650 hivi, yaani saa 3. Nilipomkatia mama tiketi nilijumlisha hizo, nikaongeza saa mbili na nusu za kubadilisha ndege, nikaridhika.

Kosa langu lilikuwa kununua tiketi mbili za kampuni mbili kwa kufuata unafuu wa bei. Ya kwanza ilitua JFK, ya pili iliondokea LaGuardia, viwanja viwili tofauti vya New York, nami nilisoma neno New York bila kutazama herufi tatu za kiwanja. Baina yao hapazidi kilomita 20, lakini foleni ya magari yaweza kula saa nzima na zaidi. Na kabla ya hapo, msafiri anayeingia Marekani kwa kawaida hupita uhamiaji kwenye kiwanja cha kwanza anachotua, huchukua mizigo yake mwenyewe na kuipitisha forodha, hata kama anaendelea mbele. Mama alifika kaunta ya pili, ndege imeshaondoka na pesa za tiketi zimekwenda, kwa kuwa kampuni ya pili haikuwajibika kwa lolote lililotokea kabla ya hapo.

Narudia: tiketi iwe moja, yenye namba moja ya uhifadhi. Narudia tena: soma herufi za kiwanja, JFK, LGA (LaGuardia) au EWR (Newark, kiwanja cha tatu cha eneo hilo), kabla ya kulipa. Ukilazimika kununua mbili, acha usiku mzima katikati. Pasipoti, viza na uzito wa mizigo mnavijua.

Nanyi ndugu mlioko nyumbani, msimwambie mzazi kwamba atamwomba karani na ataeleweka. Wamarekani ni watu wakarimu, na mgeni asiyemjua mama alimbebea begi. Lakini penye saa iliyoandikwa, karani hutazama kompyuta, hatazami mvi. Mimi naona ni ukali uliopita kiasi, ila ndivyo walivyojipangia. Vilevile, msitoe saa ya kuondoka katika saa ya kufika, kwani Minneapolis iko nyuma ya Nairobi kwa saa 8 majira ya joto na 9 majira ya baridi.

Mwaka uliofuata nilimpitisha Amsterdam kwa tiketi moja. Kilomita ni karibu zilezile, kama 6,700 kila kipande, lakini ardhi ya kwanza ya Marekani aliyoikanyaga ilikuwa Minneapolis yenyewe, nami nilikuwa nimesimama nje ya mlango wa forodha nikimngoja.