Zamu za usiku kwa mzazi anayelea kijana mwenye ugonjwa wa akili

Kijana mwenye baipola (ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi) akichangamka mno, au anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii akizidiwa, usiku ndio unaoharibika kwanza. Atazunguka sebuleni, atawasha redio saa nane, atahangaika na komeo la mlango wa nje. Mzazi, na mara nyingi ni mama, halali, anajiegesha tu. Wiki mbili za namna hiyo zinatosha kumfanya akosee vidonge, afoke kwa jambo dogo, na afike kliniki asikumbuke alichotaka kumwambia daktari. Ndiyo maana tunasema usingizi wa mzazi upangwe mapema, kama dawa ya mtoto inavyopangwa.

Mkiwa watu wazima wawili, ugaweni usiku mara mbili: saa tatu hadi saa nane, kisha saa nane hadi saa moja asubuhi. Kila mmoja anapata saa tano mfululizo. Usingizi huenda kwa mizunguko ya kama dakika 90, kwa hiyo anayeshtuliwa kila mara haufikii ule mzito hata akikaa kitandani saa tisa. Anayelala aende chumba kingine, na simu yake aiache kwa mwenye zamu. Zamu nyingi hufia hapa: mama anaambiwa apumzike, lakini yuko chumba kimoja na mtoto, na kila kikohozi kinamwinua.

Ukiwa peke yako, omba mtu kwa siku na saa: “Shangazi, naomba ulale kwangu Jumanne na Ijumaa, uamke saa nane ukae naye mpaka asubuhi.” Ukisema “nisaidieni jamani” tu, watajaa siku tatu za mwanzo na mchele wao, halafu kimya. Usiku miwili kwa wiki ni mwanzo mzuri. Mwonyeshe shangazi ufunguo ulipo, mwambie asibishane na kijana kuhusu sauti anazosikia, aongee taratibu, azime redio. Akuamshe kwa mambo matatu: kijana akitaka kujidhuru, akimtishia mtu, au akitoka nje.

Dawa zote zifungiwe, pamoja na dawa ya panya na visu. Vidonge vipangwe kila Jumapili kwenye kisanduku cha siku saba, ili wa zamu asibahatishe. Usimfichie kwenye uji. Akigundua, ataacha dawa na uji wenyewe. Akianza haloperidoli, mojawapo ya dawa za kutuliza sauti hizo, kisha shingo ikakakamaa au macho yakapanda juu, hayo ni madhara ya dawa. Mara nyingi hutokea siku chache za mwanzo, na familia nyingi hukimbilia kwenye maombi usiku kucha wakidhani ni mapepo. Mpelekeni hospitali wakati huohuo. Ipo dawa ya kuyaondoa.

Asipolala usiku miwili mfululizo ingawa anakunywa dawa, rudi kliniki bila kungoja tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Huenda dawa inahitaji kubadilishwa, na uvumilivu wako hautaibadilisha.

Wewe usijinunulie diazepamu, dawa ya kutuliza na kuleta usingizi, duka la dawa. Ukiwa zamu itakulevya, na ukiizoea kuiacha ni kazi.

Weka daftari moja la watu wawili, mstari mmoja kwa siku: “Jumatatu. Yeye kalala jumla ya saa 3, mimi jumla ya saa 5. Kidonge cha jioni kanywa. Kacheka peke yake sana.” Watu husahau kuandika saa walizolala wao wenyewe, na hizo ndizo zitakazomwonyesha daktari kwamba nyumba imeelemewa. Ukiona kwa wiki mbili huzuni haikutoki karibu kutwa nzima, au hakuna kinachokufurahisha tena, omba nawe upimwe siku hiyohiyo ya kliniki ya mtoto. Ukifikiria kufa, usingoje kliniki: mwambie mtu usiku huohuo akae na kijana, na mwingine akupeleke hospitali.