Kupiga picha kapilari za ukingo wa ukucha bila kutoboa ngozi

Ukitaka kuona kapilari, yaani mishipa midogo kabisa ya damu, bila sindano wala wembe, tazama ngozi inayopakana na ukucha wa mkono. Kwingi mwilini kapilari zimesimama wima, kwa hiyo ukitazama kutoka juu unaona nukta tu. Hapo ukuchani zimelala, na kitanzi kizima huonekana kama pini ya nywele. Madaktari huzitumia picha hizi hasa kwa watu ambao vidole hugeuka vyeupe au bluu wakipata baridi, ili kugundua mapema skleroderma, ugonjwa unaokaza ngozi na kudhuru viungo vya ndani.

Hadubini ndogo ya yuesibi (USB) na kompyuta vinatosha kuanzia. Huku Lamu na Malindi kinachoharibu picha mara nyingi ni mkono ambao haukuandaliwa.

Anza na hina. Hina hukolea kwenye tabaka la juu la ngozi na kuuficha wekundu wa damu. Piko, ile rangi nyeusi ya kujipamba, ndiyo hufunika kabisa. Usiikwangue: utachubua ngozi, damu ivie, kisha uidhanie ni ugonjwa. Bibi harusi, au aliyejipamba kwa Idi, mpangie tarehe ya mbele, rangi ikishatoka kwenye ngozi. Iliyobaki juu ya ukucha wenyewe haina neno. Aliyekatwa utando wa kucha saluni naye asubiri kama mwezi mmoja.

Siku ya kipimo asivute sigara, asinywe kahawa wala kutafuna miraa kwa saa 4 hadi 6 kabla, kwa kuwa hubana mishipa. Akifika, akae dakika 15 hadi 20 kwenye chumba chenye nyuzi 20 hadi 25. Wakati wa kaskazi, bila kiyoyozi, hali hiyo ni ngumu kuipata. Pima asubuhi mapema na uandike joto halisi la chumba. Kiyoyozi nacho kisimpulize mikononi. Tunachokiona pichani ni damu, si ukuta wa mshipa: vidole vikipoa mno damu hupungua, na kitanzi kilicho kitupu hakionekani.

Kisha mafuta. Uso wa ngozi kavu hutawanya mwanga, na tone la mafuta huusawazisha. Mafuta ya nazi yako karibu, lakini chini ya nyuzi 24 hivi huanza kuganda na kuwa meupe, na ndiyo baridi tunayoitaka chumbani. Tumia mafuta ya watoto, au parafini ya dawa inayouzwa famasi kwa waliofunga choo (si mafuta taa!). Tone moja latosha. Ukiona kipovu, futa urudie.

Mkono ulale mezani juu ya kitambaa kilichokunjwa, usawa wa moyo. Tazama vidole vinane, ukiacha gumba. Cha pete na cha mwisho huonyesha vizuri zaidi, hasa vya mkono usiotumika sana. Lenzi isikandamize ngozi. Mgandamizo mdogo tu huifukuza damu na picha hubaki nyeupe.

Kwa ngozi nyeusi, mwanga wa kijani husaidia sana, kwa sababu damu huufyonza na vitanzi hutoka vyeusi. Huna taa ya kijani? Fungua picha kwenye ImageJ, programu ya bure, utenganishe rangi tatu na kubaki na ya kijani. Mwanga ukiakisi juu ya mafuta, uelekeze kwa ubavu. Rekodi video ya sekunde chache badala ya picha moja: mkono hutetemeka, na utachagua fremu iliyotulia.

Namba ya ukuzaji iliyoandikwa kwenye boksi usiitegemee. Piga picha ya rula, uhesabu pikseli (nukta zinazounda picha) zilizo kwenye urefu wa milimita 1. Zikiwa 1,000, kila pikseli ni maikromita 1, na unaweza kupima upana. Zikiwa 200, hesabu vitanzi tu. Ukigusa kirekebishi cha ukuzaji, pima rula upya.

Kawaida ni vitanzi 7 au zaidi kwa kila milimita ya safu ya mwisho, iliyo karibu na ukucha, na upana wa kilele cha kitanzi usiofika maikromita 20. Kuanzia 20 hadi 50 kimepanuka. Kikizidi 50 ni kitanzi kikubwa mno, dalili nzito. Damu iliyovia kwenye kidole kimoja cha mvuvi anayevuta nyavu, au cha msusi wa mikeka, huenda ni jeraha la kazi. Muulize, umwangalie tena baada ya wiki kadhaa. Vitanzi vikubwa, mapengo yasiyo na kapilari na damu iliyovia vikionekana kwenye vidole kadhaa, mwandikie rufaa kwa daktari wa magonjwa ya viungo (rumatolojia), na uambatanishe video, jina la kila kidole, joto la chumba na picha ya rula.