Kabla mgonjwa anayetumia klozapini au olanzapini hajaacha sigara

Mwenye ugonjwa wa akili ana haki ya kusaidiwa kuacha sigara kama mtu mwingine yeyote. Ila kama anatumia klozapini au olanzapini, ambazo ni dawa za ugonjwa huo, daktari aambiwe kabla hajazima sigara ya mwisho, iwe anaacha kwa hiari, anaanzia Ramadhani, au analazwa wodi isiyoruhusu kuvuta.

Moshi wa tumbaku huchochea kimeng'enya cha ini kiitwacho CYP1A2, ambacho ndicho huvunja dawa hizi mbili. Mvutaji huzimaliza upesi, kwa hiyo dozi yake huwa imepandishwa mpaka imfae. Akiacha, ini hupunguza kasi ndani ya wiki moja hivi, na vidonge vilevile vya jana vinakuwa vingi mno. Klozapini inaweza kupanda kwa nusu katika damu, na kwa wengine zaidi.

Kinacholichochea ini ni moshi, wala si nikotini. Kibandiko cha nikotini kinasaidia kutuliza hamu, lakini dawa itapanda vilevile. Bangi nayo ni moshi, kwa hiyo msimfiche daktari. Mwambieni pia idadi halisi ya sigara: takriban sigara 10 kwa siku zinatosha kulichochea ini karibu kikamilifu, hivyo kushuka kutoka 20 hadi 12 huenda kusibadili kitu, ila kufika sifuri kunabadili sana. Kahawa nayo itajwe, maana huvunjwa na kimeng'enya hichohicho na huweza kuipandisha klozapini.

Daktari anaweza kupunguza dozi hatua kwa hatua, kwa robo au zaidi, na penye maabara ataagiza damu ipimwe. Nyumbani msipunguze wenyewe. Kazi yenu ni kumwangalia: foronya inalowa mate kuliko zamani, haamki hata akiitwa kula, anapepesuka akisimama. Akitikisika au kupata degedege, ni hospitali mara moja. Choo mkifuatilie bila aibu, kwani klozapini hufunga utumbo na kufunga huko kumewahi kuua watu. Tumbo likijaa na kuuma, au akitapika, msingoje siku ya kliniki.

Kuna dawa nyingine za ugonjwa wa akili. Haloperidoli nayo huguswa na moshi, ingawa si kama hizo mbili. Risperidoni na aripiprazoli, kwa kawaida, hazisumbuliwi na moshi.

Kinachoniuma zaidi ni upande wa pili. Mgonjwa anapangiwa dozi wodini akiwa havuti, anarudi nyumbani, anawasha sigara, dawa inashuka kwenye damu, zile sauti anazozisikia peke yake zinarudi. Ndugu wanamtuhumu kwamba anatema vidonge, kumbe anavimeza vyote. Kwa hiyo siku ya kuruhusiwa muulizeni daktari: dozi hii amepangiwa akiwa anavuta au havuti, na akirudia kuvuta tumpigie nani? Majibu yaandikwe kwenye kadi yake ya kliniki.