Kupitisha OSPF na BGP kwenye faiwoli, hatua kwa hatua

OSPF na BGP ni itifaki ambazo ruta hutumia kupashana habari za njia za mtandao. Kabla ya kuandika kanuni yoyote, amua faiwoli yako ina nafasi gani kwenye mtandao. Ikiwa katika hali ya uwazi hupitisha fremu kama swichi, na ruta za pande mbili hubaki kwenye subneti moja. Ikiwa inaelekeza pakiti yenyewe, ruta hizo zinatengana, na OSPF haitavuka hata ukifungua kila kitu, kwa kuwa pakiti zake za maltikasti (zinazotumwa kwa kundi zima la ruta) hutoka na TTL ya 1, yaani hufa kwenye ruta ya kwanza.

Hatua ya 1: Jua unachoruhusu

OSPF haina poti. Ni itifaki namba 89 moja kwa moja juu ya IP, ikitumia anwani za maltikasti 224.0.0.5 na 224.0.0.6. Kati ya itifaki nyingine za njia, EIGRP ni namba 88, kwenye 224.0.0.10. RIP toleo la 2 hutumia UDP 520, na BGP hutumia TCP 179.

Hatua ya 2: OSPF kwenye faiwoli ya uwazi

Ruhusu itifaki 89 pande zote mbili, kwenda kwenye anwani za maltikasti na pia kati ya anwani za ruta zenyewe. Ukisahau hilo la pili, ruta zitasalimiana vizuri kisha ujirani utakwama kwenye hatua ya ExStart, pale zinapoanza kupeana hifadhidata, maana muhtasari wa hifadhidata hutumwa kwa anwani ya jirani mwenyewe. MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) zisizolingana huleta dalili ileile, kwa hiyo chungulia kwanza:

tcpdump -ni eth1 'ip proto 89'

Hatua ya 3: BGP kwenye faiwoli inayoelekeza

Tuseme Ruta A ni 10.0.1.2, faiwoli ni 10.0.1.1 na 10.0.2.1, na Ruta B ni 10.0.2.2. Kwenye Ruta A, kwa FRR (programu ya ruta):

ip route 10.0.2.0/30 10.0.1.1
router bgp 65001
 neighbor 10.0.2.2 remote-as 65002
 neighbor 10.0.2.2 ebgp-multihop 2

Fanya kinyume chake kwenye Ruta B. Kwenye faiwoli ruhusu TCP 179 ianzishwe kutoka upande wowote, kwa sababu huwezi kujua ruta ipi itatangulia kupiga hodi. Kwa mpangilio wa kawaida, FRR za sasa pia hazipokei wala kutangaza njia za eBGP (BGP kati ya AS tofauti, kama 65001 na 65002) mpaka uweke kichujio, kwa mfano route-map, hivyo usiilaumu faiwoli bure.

Hatua ya 4: Nenosiri la MD5

Ukikilinda kikao cha BGP kwa nenosiri, saini ya MD5 hukokotolewa pamoja na anwani za IP na namba za mfuatano za TCP, kisha hubebwa kwenye chaguo namba 19 la TCP. Kwa hiyo usiweke NAT (ubadilishaji wa anwani za IP) kati ya majirani hawa, zima ubadilishaji wa namba za mfuatano kwa muunganisho huo, na hakikisha faiwoli haifuti chaguo hilo.

Hatua ya 5: Je, faiwoli yenyewe inazijua njia?

Hapa ndipo wengi hunasa. Kikao kinaonyesha Established, Ruta A imejaa njia za B, lakini hakuna kinachofika. A inajua kwamba 172.16.0.0/16 iko kwa B, ikaikabidhi faiwoli pakiti, na faiwoli haijawahi kusikia habari za mtandao huo. Itaitupa, au itaituma kupitia njia yake ya msingi. Ama uiandikie njia tuli, ama uifanye jirani wa BGP wa ruta zote mbili. Mimi huchagua la pili kila inapowezekana, nikiweka orodha kali ya mitandao inayokubaliwa, kwa sababu njia tuli hubaki palepale hata B ikifa.

Hatua ya 6: Faiwoli zikiwa mbili

Itifaki ya njia inaweza kupeleka SYN (ombi la kuanzisha muunganisho wa TCP) kupitia faiwoli ya kwanza na kurudisha SYN-ACK (jibu lake) kupitia ya pili, ambayo haina kumbukumbu ya muunganisho huo na itaukata. Ping ikipita lakini TCP ikagoma, anza kushuku hapo. Yape matangazo uzito tofauti (local-preference kwa njia ya kutoka, kurefusha AS-path, orodha ya AS ambazo tangazo limepitia, kwa ya kurudi) ili safari zote mbili zipite faiwoli moja, au ziunganishe faiwoli hizo zishirikiane kumbukumbu za miunganisho.