Mambo ya kuzingatia kabla ya kunyanyua slabu kwa mtaimbo

Mtaimbo hauzalishi nguvu. Unachofanya ni biashara ya kubadilishana tu: wewe unasukuma kidogo kwa umbali mrefu, mzigo unasogea kidogo kwa nguvu kubwa. Anayeanza kazi bila kulijua hilo huishia na mtaimbo uliopinda, tofali lililopasuka na slabu iliyo palepale. Basi haya yawe tayari kabla hujashika chuma.

Vaa viatu vigumu vinavyofunika vidole. Vaa glavu. Watoto na watazamaji wakae mbali.

Jua uzito. Usikisie kwa macho, pima kwa futi kamba. Zege la kawaida lina kilo 2,400 hivi kwa kila mita moja ya ujazo. Slabu yenye urefu wa mita 1.2, upana wa mita 1 na unene wa sentimita 10 ina mita za ujazo 0.12, yaani kilo 288. Nondo za ndani zinaongeza kidogo. Tukichukua nyutoni 10 kwa kilo, huo ni uzito wa nyutoni 2,880. Lakini huubebi wote. Ukiinua ukingo mmoja, ukingo wa pili unabaki chini na kubeba nusu, hivyo wewe unapambana na nyutoni 1,440. Hesabu hii ni ya slabu yenye unene sawa pande zote. Kama upande mmoja ni mnene, kitovu cha uzito kimesogea huko, na upande huo utakuwa mzito kuliko nusu. Na kama kingo zimeshikwa na udongo au mota, zikwangue kwanza hadi ziachie. Mshiko huo haumo kwenye hesabu yoyote, nao ukiachia ghafla mtaimbo unakuponyoka.

Mtaimbo ni wenzo unaogeukia kwenye egemeo, yaani kile kitu kinachowekwa chini yake. Pima mikono yote miwili ya wenzo: kutoka kwenye egemeo hadi kwenye mzigo, na kutoka kwenye egemeo hadi mkononi mwako. Momenti ni nguvu mara umbali kutoka kwenye egemeo, umbali unaopimwa kwa pembe mraba na mwelekeo wa nguvu. Tuseme kutoka pale ncha inapogusa slabu hadi mkononi mwako ni sentimita 130, na egemeo liko sentimita 10 kutoka kwenye ncha. Upande wa mzigo una 10, wako una 120. Momenti ya mzigo ni 1,440 mara 0.1, sawa na nyutonimita 144. Ili kulingana nayo unahitaji nyutoni 120 tu, kama uzito wa kilo 12. Rahisi. Sasa lipa gharama yake: ili slabu ipande sentimita 2, mkono wako lazima ushuke sentimita 24. Kazi, yaani nguvu mara umbali, ya upande wa mzigo ni jouli 28.8, ya upande wako ni jouli 28.8. Hakuna kilichopungua, na ukiongeza msuguano, wewe ndiye unayelipa zaidi. Kwa hiyo hakikisha mpini una nafasi ya kushuka kabla haujagonga ardhi.

Sasa egemeo. Hapa simama, maana ndipo kazi nyingi zinapoharibikia, na ndicho kitu ambacho watu hukiokota dakika ya mwisho: tofali bovu, jiwe la mviringo, kipande cha bomba. Watu hudhani mzigo mkubwa kuliko yote uko kwenye ncha. Sivyo. Egemeo likiwa kati ya mzigo na mkono wako linabeba slabu pamoja na msukumo wako, yaani 1,440 na 120, jumla nyutoni 1,560. Weka nguvu hiyo juu ya kipande cha mbao cha sentimita 5 kwa 5 kilicholala kwenye udongo: kanieneo, yaani nguvu kwa kila eneo, ni kilopaskali 624. Udongo tifutifu haustahimili hilo, unazama. Tandika chini yake ubao mnene wa sentimita 30 kwa 30, na kanieneo kwenye udongo inashuka hadi kilopaskali 17 hivi. Ubao uwe mnene kweli, kwa sababu mwembamba utapinda katikati na kukurudisha kulekule.

Bila ubao, mambo huenda hivi. Unasukuma, mpini unashuka vizuri, unafurahi. Egemeo likizama sentimita 2 tu, mkono wako unashuka sentimita 26, na slabu haijainuka hata unene wa ukucha. Jouli zako zote zimeenda kushindilia udongo. Wengi hapa hawatazami chini. Wanatazama mpini, wanadhani wanakaribia, wanaongeza nguvu. Egemeo halizami sawasawa, linainama. Likiinama, mtaimbo hauliegemei tena katikati bali kwenye ukingo wake, na mara nyingi ni ukingo ulio upande wako. Sogeo la sentimita 4 tu linatosha: mkono wa mzigo sasa ni 14, wako ni 116, na nguvu inayotakiwa imepanda kutoka nyutoni 120 hadi karibu 174. Mwenye mtaimbo anahisi kazi imekuwa nzito ghafla, anamwita mwenzake waegemee wawili. Egemeo lililoinama linasukumwa pembeni na kuchomoka kama mbegu ya chungwa iliyobanwa kwa vidole, mtaimbo unaanguka, na kama slabu ilikuwa imepanda, inashuka juu ya chochote kilicho chini yake.

Kwa hiyo egemeo liwe la mbao ngumu au chuma, lenye uso bapa chini na wa kutosha juu. Tofali la kuchoma hupasuka. Bomba hubingirika. Kabla ya kunyanyua, bonyeza kidogo, achia, kisha angalia kama egemeo limeacha alama kwenye udongo au limeinama. Likiwa limezama, panua kitako, usiongeze watu.

Kagua mtaimbo wenyewe. Momenti ya kuupinda ni kubwa kuliko kwingine kote palepale kwenye egemeo, hivyo ufa ukiwepo hapo, hapo ndipo utakatikia. Kama unatumia mti badala ya chuma, tafuta vifundo. Usichomeke bomba kwenye mpini ili kuurefusha: mtu wa kilo 60 anayening'inia mita 1.2 kutoka kwenye egemeo tayari anatoa nyutonimita 720, na ukirefusha maradufu unafika 1,440, kiasi ambacho mtaimbo wa kawaida huenda haukutengenezewa.

Sukuma kwa pembe mraba na mtaimbo. Nguvu inayofuata urefu wa chuma haina momenti kabisa. Ukivuta kwa nyuzi 30 kutoka kwenye chuma, nusu tu ndiyo inayofanya kazi, na iliyobaki inavuta egemeo litoke mahali pake.

Andaa vipande vya kukingia kabla ya kuinua, si baada. Ukishikilia slabu hewani bila kusogea, kwa lugha ya fizikia kazi ni sifuri, lakini misuli haijui fizikia, inachoka. Inua sentimita 2, mwenzako asukume mbao chini ya ukingo kwa fimbo, kamwe asitumie mkono, shusha, inua egemeo, rudia. Sentimita 10 ni mizunguko mitano hivi. Ndiyo, inachosha.

Usisimame ukiwa umetanua miguu juu ya mtaimbo, wala usiweke kidevu juu ya mpini. Slabu ikianguka sentimita 2, mpini unaruka sentimita 24 kwa muda uleule, yaani kwa mwendo mara 12 ya ule wa slabu. Simama kando, mikono imenyooka, vidole visizunguke chini ya chuma karibu na ardhi.

Baada ya mvua, subiri udongo ukauke au ongeza upana wa ubao. Kwenye mteremko, weka kabari upande wa chini kwanza. Usiache mtaimbo umechomekwa chini ya mzigo ukaenda kula. Na kama slabu inafunika shimo, usimruhusu mtu kusimama juu yake wakati ukingo umeinuliwa.